Kuzuia Bila Kugusa

Nilipofika darasa la kumi nilikuwa mkubwa wa mwili kuliko walimu wangu wote isipokuwa mmoja. Fundi aliyekuwa akitushonea dishdasha, kanzu zetu za Kiomani, kwa ajili ya Idi alimwambia mama anilete dukani asubuhi mapema, kabla wateja hawajajaa, maana utepe wake haukunitosha kiunoni na alijua kwamba naona haya. Alikuwa mtu muungwana yule. Skuli hawakuwa waungwana kiasi hicho. Tukicheza mpira walinitia golini, na si kwa sababu nilijua kudaka. Walisema nikisimama pale hakuna haja ya nyavu.

Tulikuwa tukikaa Ghubra, mtaa wa Maskati, nyumba ya chini yenye ua wa saruji kwa nyuma: baba, mama, bibi mzaa baba, na mimi. Baba alifanya kazi wizarani. Mama alikuwa karani katika ofisi ya skuli moja ya kimataifa huko Madinat Sultan Qaboos, na kwa sababu yake nilipata nafasi ya kusoma pale, mimi na watoto wa mabalozi na wa watu wa mafuta. Nyumbani Kiswahili chetu kilikuwa kile alichotoka nacho bibi Unguja. Baba alipokasirika alihamia Kiarabu, na bibi akimjibu kwa Kiswahili hivyo hivyo, mpaka hasira zikaisha kwa kukosa pa kukutana.

Yule mwalimu mmoja aliyenizidi mwili alikuwa akitusomesha kemia. Mmarekani, shingo pana, na vidole viwili vya mkono wa kulia haviwezi kunyooka. Siku moja maabara ilikuwa ikitakiwa kupakwa rangi, akatwambia tutoe meza nje. Wenzangu walibeba watatu watatu. Mimi nilibeba meza moja peke yangu, kwa sababu hakuna aliyejitokeza kunisaidia. Kengele ilipolia, mwalimu akanizuia.

"Simama hapo," alisema, akionyesha mahali kati yake na mlango. "Mimi nataka kutoka. Wewe usinipitishe."

Nikasimama. Akanitia mkono kifuani, mmoja tu, nikajikuta nimekaa sakafuni.

"Vizuri," akasema.

Nilimuuliza uzuri uko wapi na mimi nimeanguka. Akacheka. "Hukurudi nyuma. Umeanguka pale pale uliposimama. Hilo siwezi kumfundisha mtu, mengine yote naweza."

Akachukua kalamu, akachora ubaoni duara tano kwenye mstari mmoja na duara moja nyuma yake. Ndipo nilipousikia kwa mara ya kwanza mpira wa Kimarekani kwa maana yake. Yule wa nyuma ndiye mrushaji, alisema, ndiye anayeshangiliwa. Upande wa pili kuna watu wanakuja mbio kumwangusha kabla hajarusha. Wale watano wa mbele kazi yao ni kusimama kati. Mpira wenyewe hawaugusi. Wakiifanya kazi vizuri, hakuna atakayejua kwamba walikuwapo.

Sijui kama mwalimu alijua alichokuwa akinipa. Mimi miaka yote nilikuwa nikionekana kupita kiasi: kwenye foleni, kwenye picha za darasa, msikitini nikichukua nafasi ya watu wawili katika safu. Leo naambiwa kuna kazi inayotaka mtu mkubwa, na tena akiiweza haonekani. Nikamwambia naandikisha jina.

Timu yenyewe ilikuwa ya kuungaunga. Tulikuwa kumi na mmoja, tukicheza wanane wanane, na helmeti na pedi za mabega alizileta mwalimu kutoka kwao, kidogo kidogo, kila likizo sanduku moja. Tulifanya mazoezi Jumatatu na Jumatano kwenye nyasi za bandia zilizokuwa zikitoa joto kama tanuri. Baada ya mwezi mwalimu akaniita pembeni.

"Nguvu unazo," alisema. "Lakini miguu yako imelala. Mtu mwepesi atakuzunguka kila mara. Tafuta namna ya kuiamsha."

Nikaenda kuitafuta uani. Niliweka katikati chupa kubwa ya maji ya kunywa, ile ya lita ishirini, nikaifanya ndiyo mrushaji, nikawa nakwenda kushoto na kulia mbele yake nikipigana na hewa. Nilifanya hivyo siku tatu. Siku ya nne nikasikia mtu anacheka nyuma ya shuka zilizoanikwa.

Alikuwa Dada. Nyumbani tulimwita hivyo, na mimi hapa nitamwita hivyo hivyo. Alitoka Uganda, upande wa Mbale, akaja kwetu kufanya kazi mwaka mmoja kabla ya hapo, baada ya bibi kuanguka na kuvunjika nyonga. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na nne au tano, mrefu, mwembamba, Mkristo, mwenye kusali kwa sauti ya chini jikoni kabla ya kula. Alimwita mama Madam, na bibi Mama Kabira, yaani mama mkubwa, kama wanavyojifunza wenzake wote wanaofanya kazi huku. Bibi alikuwa akikitaabikia sana Kiswahili chake. "Huyu mtoto maneno anayo," alikuwa akisema, "lakini kayamwaga tu, hakuyapanga."

"Wewe unapigana na nani?" Dada aliniuliza siku ile, kikapu cha nguo kiunoni.

Nikamweleza kwa aibu. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akakiweka kikapu chini.

"Hiyo mimi najua," alisema. "Hiyo ni netiboli."

Akaniambia kwamba sekondari alikuwa mlinzi wa goli katika netiboli, na akateuliwa timu ya wilaya. Kazi yake ilikuwa kukaa kati ya mfungaji na goli, na kule kugusa mtu hakuruhusiwi. Ukimgusa, refa anapiga filimbi. Kwa hiyo yote hufanywa na miguu.

"Haya, mimi nataka kugonga hiyo chupa," akasema. "Zuia."

Alivua ndara. Akainama kidogo, akaangalia kushoto, nami nikaenda kushoto, na nilipogeuka yeye alikuwa ameshika chupa kulia. Akarudia. Akarudia tena. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki kivulini, gongo magotini, na mara ya nne akaanza kuhesabu kwa tasbihi.

"Wewe unaangalia macho yangu," Dada akaniambia. "Macho inadanganya. Kichwa pia inadanganya, mabega pia. Angalia hapa." Akajishika ubavuni, juu kidogo ya nyonga. "Mtu anaenda mahali hapa inaenda. Hawezi kuacha hapa nyuma."

Mama akatoka kumtafuta, akatukuta. Nauona mpaka leo uso wake, akituangalia mimi na yeye, kisha bibi, kisha ukuta wa jirani.

"Mimi si nipo hapa?" bibi akasema kabla hajaulizwa. "Nnawaona wote wawili. Wanacheza."

"Wanacheza nini?"

"Mimi nnajua? Nnahesabu tu. Thalathini na tatu, na mwanao hajazuia hata moja."

Mama akafikiri. Alikuwa mwanamke wa kufikiri kabla ya kusema, kwa hiyo neno lake likishatoka halirudi. "Alasiri tu," akasema, "na bibi awepo. Na msigusane."

"Madam, hii ni bila kugusa," Dada akamjibu. "Ukigusa umeshindwa."

Ndivyo nilivyojifunza. Kila siku baada ya sala ya alasiri bibi alinipa kanga yake kuukuu niishike kwa mikono miwili nyuma ya mgongo, ili nisishawishike kuitumia mikono yenyewe, na Dada akija na mimi nikizuia kwa miguu peke yake. Nusu saa, kisha yeye akarudi jikoni na mimi nikaenda kumwagia maji kichwa changu. Wakati wa joto kali tulisogea kwenye kivuli cha tangi la maji. Wiki za mwanzo nilikuwa najikwaa mwenyewe. Nilianguka juu ya vyungu vya mrehani vya mama nikavunja viwili. Baadaye kidogo nikaanza kuzuia mara moja kati ya kumi, kisha mara tatu. Ikafika siku tukawa tunapita dakika nzima hajaigusa chupa, wote wawili tunahema, na bibi ameinama mbele amesahau tasbihi.

Siwezi kusema tulikuwa tunazungumza sana. Alinifundisha hatua fupi. "Kama unatembea juu ya mayai ya mtu mwingine," alisema. Alinifundisha kutovuka miguu, kwa sababu miguu ikivukana, kwa kitambo kidogo unakuwa na mguu mmoja. Mara moja nilimuuliza kwa nini aliacha. Akasema skuli iliisha, na baba yake aliugua, na hapo akachukua kikapu chake.

Kwenye mazoezi mwalimu alinitazama kama mtu anayetazama hesabu isiyoeleweka. Nikawa sizungukwi. Wavulana wepesi wa timu, waliokuwa wakinipita wakinicheka, walikuwa wakifika mbele yangu na kunikuta tayari nipo.

Mechi yetu ya kwanza ya kweli ilikuwa Dubai. Tulikwenda kwa basi la skuli, tukakaa mpakani saa mbili nzima kwa sababu kijana mmoja pasi yake ya kusafiria ilikuwa imebakisha miezi michache kwisha. Tulifungwa, na tulifungwa vibaya. Lakini mrushaji wetu, kijana wa Kikanada, alipovua helmeti baada ya mechi nikaona kwamba shati lake ni safi. Sisi wengine wote tulikuwa tumechafuka kama waliochimba kisima. Yeye mwenyewe alijiangalia, akanitazama, akasema, "Leo sijaguswa." Hakusema zaidi. Njia nzima ya kurudi Maskati nilikaa dirishani nikayarudia maneno yale.

Sasa nafika penye jambo ambalo nimelibeba muda mrefu.

Mwisho wa mwaka skuli ilifanya karamu ya michezo kwenye zile nyasi, wazazi wakaalikwa, na kila nyumba ikaleta chakula. Mama na Dada walikaanga sambusa tangu asubuhi. Baba alikuja, akiwa amevaa kilemba chake kizuri, ingawa mchezo wenyewe alikuwa akiuona upuuzi. Mwalimu akasimama kuzungumza juu ya kila mchezaji. Alipofika kwangu akasema kwamba katika miaka yake yote hajaona kijana mkubwa kiasi hiki mwenye miguu ya namna hii, na kwamba si yeye aliyeifundisha. Akanigeukia mbele ya watu wote.

"Nataka kujua na mimi. Nani amekufundisha?"

Dada alikuwa amesimama hatua mbili tatu nyuma ya meza, sahani ya sambusa mkononi. Kiingereza alikijua vizuri, pengine kuliko mama. Nikawaona wenzangu wananisubiri. Nikawaza watakavyosema: mfanyakazi wa nyumbani ndiye anayemfundisha mpira, uani, kwenye kamba ya nguo.

"Video," nikasema. "Nimejifunza kwenye video."

Watu wakapiga makofi. Baba akanipa mkono, jambo ambalo hakuwa akilifanya. Dada akaendelea kuwapitishia watu sambusa, na alipofika kwangu akanipa mbili kama wengine.

Kesho yake alasiri alitoka uani kama kawaida, akavua ndara. Nikashika kanga. Akanipita. Nikajipanga vizuri zaidi, akanipita tena. Wiki nzima sikuweza kumzuia hata mara moja. Alikuwa akija kwa kasi ambayo sikuwahi kuiona, hasemi, hacheki, anaigonga chupa kwa kiganja mpaka inatikisika, anarudi, anakuja tena.

"Dada leo kala nini?" bibi akauliza.

Mimi nilidhani alikuwa akinihurumia siku zote zile na sasa amechoka kunihurumia. Wiki iliyofuata mambo yakarudi yalivyokuwa.

Mkataba wake uliisha miaka miwili baadaye, katika wiki za mitihani yangu ya mwisho. Baba alimpeleka uwanja wa ndege asubuhi, na mimi nilikuwa chumba cha mtihani. Niliporudi nilikuta chumba chake kimefagiliwa, godoro limeinuliwa ukutani, na viatu vyangu vya mazoezi vimeoshwa, vinaning'inia kwenye kamba kwa nyuzi zake. Bibi alikuwa amelia. Alikuwa amempa Dada kanga zake mbili nzuri, akaniambia, "Nimempa doti nzima. Wewe umempa nini?" Nikaenda kuvianua viatu vyangu.

Nilipata nafasi ya serikali kwenda kusomea uhandisi Marekani. Baba aliona mlango wa uhandisi, mimi niliona mlango wa pili ndani yake. Wiki ya kwanza pale chuoni nilikwenda kwenye ofisi ya makocha, nikasema natoka Oman na nataka kucheza mstari wa mbele. Mmoja wao aliniuliza Oman iko upande gani wa Texas. Sikujua kama ni mzaha. Wakaniweka katika timu ya mazoezi, ambayo kazi yake ni kujifanya wapinzani ili wenye timu wajifunze kwako. Miaka miwili nilikuwa mpinzani wa kila wiki. Nilipigwa na watu wakubwa kuliko mimi, na hilo lilikuwa geni kwangu na, nikisema kweli, lilinifurahisha. Kwa mara ya kwanza niliingia chumba ambacho mimi ni mtu wa kawaida.

Huko mikono inaruhusiwa, na ndiyo wengi wanayoitegemea. Wakati kocha alipokuwa akiwafokea wenzangu kwa sababu wanashika wapinzani na kuletea timu adhabu, mimi sikuwa na tabia hiyo. Mwaka wa tatu aliyekuwa akicheza mwisho wa kushoto alivunjika kifundo, nikaingizwa, sikutoka tena mpaka nilipohitimu. Ramadhani moja iliangukia katika mazoezi ya masika. Nilifunga, na kocha akaniwekea tende ofisini mwake bila ya kuniuliza.

Baada ya kuhitimu nilingoja simu kutoka ligi kubwa kwa zile siku tatu ambazo timu huchagua wachezaji wapya, kama wanavyongoja wote. Ililia mara moja. Alikuwa mama, akiuliza nimekula nini. Miezi miwili baadaye klabu moja ya Ujerumani ikaniandikia. Mji mdogo, uwanja wa watu elfu chache, chumba cha kukaa pamoja na Mmeksiko aliyekuwa akipika maharage vizuri, na mshahara. Nilimpigia bibi.

"Wanakulipa?" akauliza. "Kwa kufanya nini?"

"Kusimama, bibi. Nisimpitishe mtu."

"Basi na huyo aliyekuwa akikupita kila siku, yeye wangemlipaje?"

Nilicheka, tukaagana, lakini usingizi wangu siku zile haukuwa mzuri.

Bibi alifariki msimu wangu wa pili. Nilipata ndege, nikafika siku ya tatu ya msiba. Nyumba ya Ghubra ilijaa watu, harufu ya ubani na kahawa, wanawake ndani wakisoma Kurani. Watu walipopungua mama akanipa simu yake nione salamu za pole zilizokuja. Kati ya hizo ilikuwapo moja ndefu, kwa Kiswahili kilichomwagwa bila kupangwa. Dada. Mama alikuwa ameipata namba yake kwa mwenzake mmoja aliyekuwa akifanya kazi nyumba ya jirani, na siku zote hizo walikuwa wakisalimiana Idi na Krismasi, mimi sijui.

Niliporudi Ujerumani nilimtumia video ya mechi yangu moja, nzuri kuliko zote. Nikaandika tu, "Ni mimi, wa Ghubra." Jibu lilikuja kwa sauti, na nyuma yake watoto wa kike wanapiga kelele na filimbi inalia.

"Nimeona," alisema. "Umekuwa mkubwa sana, Mungu ni mwema. Lakini hiyo ya dakika ya kwanza na hiyo ya mwisho, umevuka miguu. Huyo kijana hakuona. Mimi ningepita."

Nikaitazama video tena. Ni kweli, nilivuka miguu mara mbili, na makocha wangu wanne hawakuona.

Nikampigia. Alikuwa akifanya kazi katika skuli ya wasichana huko kwao, msimamizi wa bweni, na jioni akiwafundisha netiboli. Tuliulizana hali, tukamtaja bibi, tukamwombea. Kisha nikamwambia kwamba kuna siku, skuli, kwenye karamu, mwalimu aliniuliza swali na mimi nikasema uongo.

"Video," akasema.

"Ulisikia."

"Mimi nilikuwa na sahani mkononi, sikuwa na pamba masikioni." Hakusema kwa ukali. "Nilikasirika. Nilikasirika wiki moja. Ile wiki, wewe hukujua kwa nini nilikupita vile?"

"Nilidhani ulikuwa ukinihurumia, ukachoka."

Akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Nilisema nitampita huyu mpaka aulize. Lakini hukuuliza. Siku ya Ijumaa Mama Kabira akaniita, akaniambia, Dada, mtoto kakosa nini? Nikamwambia. Akasema, atakuja kusema mwenyewe, wewe mfundishe tu. Basi nikakufundisha."

Kwa hiyo bibi alijua. Alijua miaka yote ile, akaniuliza umempa nini, akaniuliza wangemlipaje, akaninyamazia nijitafutie njia mwenyewe. Nilimwambia Dada nisamehe. Akasema, "Nimesikia," kisha akaniuliza huko Ujerumani kuna baridi kiasi gani, na mimi nikamwambia.

Wiki chache baadaye gazeti dogo la mji ule lilitaka kuandika juu ya wachezaji wageni. Mwandishi alikuwa bibi mmoja mwenye baiskeli. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nilimweleza kila kitu, ua, chupa, kanga, na yule mwanamke wa Mbale, na jinsi nilivyomficha. Aliandika yote isipokuwa kwamba netiboli aliiita mpira wa kikapu. Nilimtumia Dada picha ya ukurasa. Akaniambia amempa mwalimu wa Kijerumani wa misheni amsomee, na kwamba ameudhika na mpira wa kikapu.

Msimu wa tatu, mechi ya sita, mtu wetu mwenyewe aliangushwa juu ya goti langu kutoka nyuma. Hakuna aliyekosea. Nilisikia kitu kinakatika kama ufito, na nilipojaribu kusimama goti likaenda upande ambao goti haliendi. Daktari alisema nitatembea, nitapanda ngazi, pengine nitakimbia kidogo, na akaishia hapo. Nilikaa Ujerumani mpaka gongo moja likatosha, nikampa Mmeksiko sufuria zangu, nikarudi.

Siku hizi nakaa Ansab na mke wangu, nafanya kazi ya mabomba ya maji, ndiyo uhandisi baba aliouona mlangoni. Nimepungua kilo thelathini na mbili. Watu wanaonijua sasa hawaamini nikiwaambia nilikuwa vipi, na mimi mwenyewe nikivaa dishdasha dukani kwa mara moja ikanikaa, huwa napata hamu kidogo ya yule kijana ambaye utepe haukumtosha. Dada bado tunaandikiana. Wasichana wake walishinda wilaya mwaka jana. Hajawahi kunialika, mimi ndiye niliyejialika, na mke wangu amekubali, inshaallah tutakwenda skuli zikifungwa.

Katika nyumba ya Ghubra mama bado anaishi, peke yake tangu baba atutangulie. Ijumaa baada ya chakula tunaangalia mechi kwenye simu yangu, nimeiegemeza kwenye birika. Zamani alikuwa akiufuata mpira kama watu wote na kuuliza mbona wamesimama. Sasa haufuati. Anavaa miwani, anasogeza uso karibu, anawatazama wale watano wa mbele mpaka mchezo unakatika.

"Yule wa kushoto," aliniambia juzi, "kachelewa."

Nikarudisha nyuma tuone. Alikuwa kachelewa kweli. Akaridhika, akaniambia nikazime pampu ya maji, tangi limeshajaa.